Kwa Zamu

"Na wewe, mwenzangu, nani anakugeuza?"

Swali hilo liliulizwa uani, asubuhi moja ya jua, na Fundi, jirani wa nyumba ya pili. Yeye alishika ncha moja ya shuka, Mpishi ameshika ncha nyingine, wanalisokota maji yatoke. Fundi alikuwa mshona nguo, na pini hazikumtoka mdomoni hata akifua, kwa hiyo maneno yake yalitoka yamebanwa kama ya mtu anayepasha umbea. Lilikuwa swali la utani tu. Mpishi alicheka, akamjibu kwamba yeye si godoro, hageuzwi. Wakaanika shuka, wakaachana.

Lakini swali halikuondoka na Fundi. Lilibaki likimkwaruza Mpishi kama lebo ya nguo mpya shingoni, maana kugeuza ndiyo ilikuwa kazi yake. Mama mkwe wake alianguka na kiharusi miaka sita nyuma, upande wote wa kulia ukafa, na siku ya kumtoa hospitali muuguzi mmoja alimshika Mpishi mkono akamwambia: kila saa mbili mgeuze, la sivyo mgongo utaoza angali hai. Mpishi aliyachukua maneno yale kama amri ya Mungu. Siku hizo alikuwa mpishi kweli, akipikia wanafunzi mia nne wa shule ya msingi kwa mwiko mrefu unaomfika kifuani. Alijaribu kuziunga kazi mbili kwa muhula mmoja, akashindwa, akarudisha funguo za stoo. Alichoondoka nacho ni jina, kwa sababu watu hawakuacha kumwita Mpishi, na boksi la chaki alilopewa na mwalimu mkuu alipomweleza anataka kuzifanyia nini.

Chaki zilikuwa za ukutani, kando ya kitanda. Kila akimgeuza mama mkwe wake alichora mstari. Ulioegemea kushoto, maana yake amelalia ubavu wa kushoto. Ulioegemea kulia, amelalia kulia. Uliosimama wima, amelala chali. Kwa hiyo hata akiwa hoi kwa uchovu, alitazama ukuta tu akajua mwili ule unadai upande gani. Ukuta ukijaa, aliufuta kwa kitambaa chenye maji, akaanza upya.

Mume wake, kitinda mimba wa nyumba ile, alifariki mwaka wa pili wa ugonjwa wa mama yake. Watu walikaa wakingoja mjane afungashe. Hawakuwa wamejaliwa mtoto wa kumfunga pale, wala hakuna aliyemwomba abaki. Yeye alipiga magoti kando ya kitanda kile, akamwahidi Mungu kwamba yule mama hatalala kwenye mkojo wake maadamu yeye ana mikono miwili. Kisha akainuka akachora mstari wa saa nane.

Mama mkwe hakuwa na kidonda hata kimoja. Miaka sita. Muuguzi wa zahanati aliwahi kumwita mwenzake aje autazame mgongo ule, akaufunua taratibu kama mtu anayeonyesha kitambaa cha bei. Mwenzake akauliza amelala siku ngapi. Alipoambiwa ni miaka, hakuamini, akauliza tena.

Mgongo ulioharibika ulikuwa wa Mpishi. Ulianza kumuuma chini kiunoni, ukashuka mguuni, na siku moja akiwa amempakata mama mkwe kumtoa kitandani, kitu kikakatika ndani yake kama uzi. Alimshusha mgonjwa salama kwanza, ndipo na yeye akakaa chini sakafuni, akashindwa kuinuka kwa muda wa kuchemsha birika mbili. Tabibu alimwambia pingili moja imehama. Akamwonya asinyanyue kitu kizito peke yake, na kwamba akiendelea hivyo watalala wawili. Mpishi akamuuliza kama mama mkwe wake anahesabiwa mzigo mzito au mwepesi. Tabibu hakucheka.

Siku hiyo ndipo swali la Fundi lilipoacha kuwa utani.

Fundi mwenyewe ndiye aliyeleta habari ya mpango. Alikuwa anampima nyonga mteja mmoja, karani wa ofisi ya ustawi wa jamii, na katika maongezi ya kupimana karani akasema kuna msaada kwa watu wanaouguza jamaa zao nyumbani bila malipo, na kwamba wengi hawaendi kuuomba kwa sababu hawajui kwamba wao ndio wanaokusudiwa. Kuna posho ya kila mwezi. Kuna kitanda cha kuinuka kwa mpini, na godoro la upepo. Na kuna msaidizi aliyefundishwa, anayekuja siku mbili kila wiki kumshika mgonjwa ili anayeuguza apumue.

Posho Mpishi aliisikia, na hakuidharau. Lakini kilichomshika moyo ni yule msaidizi. Siku mbili kila wiki, mgongo wa mtu mwingine. Alimuuliza Fundi mara tatu kama amesikia vizuri.

Akaenda ofisini. Alimwacha Fundi na mgonjwa kwa saa mbili, akakaa kwenye benchi, na zamu yake ilipofika akamkuta afisa mwanamume wa makamo, mwenye sauti ya upole na kalamu tatu mfukoni. Afisa akajaza fomu. Jina, umri, uhusiano na mgonjwa. Akauliza: kazi?

"Sina kazi," Mpishi akasema. "Nipo tu nyumbani."

Hakuona ubaya. Ndivyo alivyowajibu watu wote, sokoni, kwenye ibada, msibani. Afisa akaandika, hana kazi. Akamwambia atakuja kumwona mgonjwa Alhamisi, saa nne asubuhi.

Hapo ndipo walipokosea, yeye na mama mkwe, kosa la wanawake waliolelewa wakaleleka. Mgeni anakuja. Tena mgeni wa serikali. Mama mkwe alikuwa katika maisha yake mwanamke ambaye uani kwake huoni hata jani, na ugonjwa haukumwondolea hilo. Ulimi wake ulikuwa mzito tangu kiharusi, maneno yanatoka moja moja, lakini Jumatano nzima alitoa amri. Pazia lile lifuliwe. Nepi zifichwe. Beseni lisionekane. Na ule ukuta, mwanangu, una michoro kama darasa la watoto, ufute.

Mpishi akaufuta ukuta.

Alhamisi aliamka mapema akamwogesha, akampaka mafuta, akamvalisha gauni la bluu na kilemba. Akamkalisha kwenye kiti cha mikono, mito mitatu upande wa kulia, na kanga akaipitisha kiunoni akaifunga nyuma ya kiti, ikafunikwa na shali isionekane. Chumba kilinukia sabuni. Mama mkwe alikaa pale kama bibi harusi anayesubiri picha.

Kitu kingine Mpishi hakukipangia. Mwenyekiti alipata habari. Huyu alikuwa shemeji yake mkubwa, kifungua mimba wa nyumba ile, muuza vifaa vya ujenzi. Hakuwa mwenyekiti wa chama chochote, ila hakuna kikao cha ukoo alichowahi kukaa bila kukiongoza, na jina likamkaa. Kwa mama yake alifika Jumapili ya kwanza ya mwezi, na mkate na gazeti. Mkate alimwachia mama, gazeti aliondoka nalo. Siku ile ya Alhamisi alifika kabla ya afisa, amevaa koti, akasimama mlangoni kumpokea kama mwenye nyumba.

Mpishi alikuwa jikoni anachemsha chai, lakini ukuta wa jikoni ni mwembamba, akasikia yote. Afisa akasema hujambo mama. Mama mkwe akajibu sijambo. Habari za hapa? Njema. Unapata taabu yoyote? Sina taabu, namshukuru Mungu, watoto wangu wananitunza. Unakula vizuri? Nakula. Unakaa mwenyewe? Si hivi, umenikuta nimekaa. Halafu sauti ya Mwenyekiti, nzito na ya kuridhika, ikisema kwamba wao ni familia ya umoja, hawamtupi mtu, mama wanamhudumia kwa zamu.

Kwa zamu. Mpishi aliyasikia maneno hayo ameshika kifuniko cha birika, mvuke unamuunguza vidole, asihisi.

Alipoingia na sinia, afisa akauliza huyu ni nani. Mwenyekiti akasema ni mke wa marehemu mdogo wake, wanaye hapa hapa, anasaidiasaidia. Afisa akamshukuru kwa chai. Alikunywa, akasifu usafi wa chumba, akaondoka. Mpishi alisubiri aulizwe hata swali moja. Hakuulizwa, na yeye hakusema, kwa sababu mgeni alikuwa anakunywa chai na shemeji alikuwa anazungumza.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Fundi alitema pini kwanza, ndipo akaisoma kwa sauti. Mgonjwa alikutwa ameketi mwenyewe, hali yake njema, chumba safi, hana malalamiko. Huhudumiwa na familia kwa zamu. Mwombaji hana kazi na anaishi katika nyumba hiyo hiyo. Kwa hiyo maombi hayakukubaliwa.

"Mwombaji hana kazi," Fundi akarudia, taratibu. Akaikunja barua, akamrudishia, akarudi kwenye cherehani yake. Kwa nusu saa iliyofuata alishona kwa nguvu mpaka sindano ikavunjika.

Mpishi hakulia. Kilichompanda hakikuwa kilio. Kilianzia kwenye kile kiuno kilichohama, kikapanda kifuani, kikakaa pale kimetulia, cha moto, kama jiwe la mafiga. Alijaribu kukisalia kiondoke. Baada ya siku mbili za kusali akaona labda Mungu mwenyewe ndiye aliyekiweka, akaacha kumsumbua.

Akarudi ofisini na barua mkononi. Afisa alimkumbuka, akamkumbuka kwa chai. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililomuudhi Mpishi zaidi, kwamba hapakuwa na mtu mbaya wa kumkasirikia pale. Alifungua jalada lake akamsomea alichoandika siku ile. Nilimsalimu, akasema hajambo. Nilimuuliza kama ana taabu, akasema hana.

"Ulitaka aitikie salamu yako vipi?" Mpishi akamuuliza. "Wewe ukisalimiwa njiani na mtu usiyemjua, unamfunulia kidonda?"

Afisa akatua kalamu.

"Ungemuuliza mara ya mwisho kusimama ni lini. Ungemuuliza nani amemvalisha lile gauni. Ungeondoa shali, ungeona nimemfunga kwenye kiti kama mzigo wa kuni asianguke mbele yako." Hakupandisha sauti. Sauti ilikuwa ile ile aliyozoea kuwauliza watoto wa shule nani amemwaga uji. "Mtu hana kidonda miaka sita, wewe ukaandika haumwi. Ningemwacha aoze, ungenipa kitanda."

Afisa alivua miwani akaifuta, na alipoivaa tena alimweleza, bila kumficha, jinsi rufaa inavyokwenda. Ana siku thelathini. Inatakiwa barua ya familia, inayosema ni nani hasa anayemuuguza mgonjwa na kwa saa ngapi, yenye sahihi ya mkuu wa familia, kwa sababu mkuu wa familia ndiye aliyetamka mbele yake kwamba wanafanya kwa zamu. Barua ikifika, yeye atakuja tena, safari hii bila kusema siku. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba safari hiyo Mpishi asioshe chochote.

Kwa hiyo kila kitu kikawa kimelala juu ya sahihi moja. Kitanda, godoro, zile siku mbili, mgongo wake. Sahihi ya Mwenyekiti.

Alimpigia simu. Mwenyekiti akasema jambo hilo ni zito, linahitaji kikao. Jumapili, saa saba mchana.

Mama mkwe alikuwa amelala chali, macho darini, Mpishi alipomaliza kumsimulia.

"Niliitikia salamu tu, mwanangu," akasema mwishowe. "Nimeitikia salamu maisha yangu yote."

Mpishi akamwambia anajua, asijilaumu.

"Jumapili uache mlango wa chumba wazi." Akameza mate, akatafuta neno linalofuata. "Na saa nane usiingie."

Mpishi akasema hilo haliwezekani. Hajawahi kuruka saa hata moja tangu mumewe afe, na siku ya mazishi yenyewe alimgeuza kabla ya kwenda makaburini.

"Usiingie. Anayelala hapa ni mimi." Jicho lake zima lilikuwa kali kama zamani, wakati ule alipokuwa akiwakagua wakwe zake sufuria. "Kidonda hakiji kwa siku moja. Wewe ulinifundisha."

Jumapili ilifika. Mpishi hakufua pazia. Beseni alilikalisha pale linapokaa siku zote, mlangoni kabisa, na nepi zilizofuliwa zilining'inia kwenye kamba iliyopita katikati ya sebule, kwa maana nje kulikuwa na mawingu. Ukutani mistari ya chaki ilikuwa imejaa tena kutoka usawa wa godoro mpaka mkono wake ulipofika. Saa sita alimlaza mama mkwe ubavu wa kushoto, akachora mstari, akanawa uso kwa maji baridi, akaenda kufungua mlango.

Mwenyekiti alikuja na dada yake, yule wifi mwenye duka la vipodozi, aliyekuja kumwona mama yake mara chache sana kwa sababu, alivyosema mwenyewe, moyo wake haustahimili kumwona katika hali ile. Wifi aliinama kuzipita nepi kwenye kamba kama anayepita chini ya waya wa umeme. Wakakaa. Mwenyekiti akafungua kikao kwa sala, sala ndefu, akimshukuru Mungu kwa kuwapa watoto wa nyumba hii nguvu na moyo wa kumtunza mama yao. Kwa mara ya kwanza tangu afunzwe kusali, Mpishi hakuitikia amina.

Akaweka karatasi tupu mezani, na kalamu juu yake. Akaeleza alichoambiwa na tabibu na alichoambiwa na afisa. Alieleza kwa ufupi, maana alikuwa ameyarudia maneno hayo akifua na akipika mpaka yakabaki mifupa mitupu.

Mwenyekiti aliisukuma karatasi kwa kidole kimoja. Akasema yeye si mtu wa kukataa maendeleo. Lakini mtu afikiri kidogo karatasi hii itasema nini. Itasema kwamba mama wa fulani, ambaye jina lake liko mbele ya duka na watu wanalisoma kila siku, anauguzwa na mkwe peke yake. Itakaa kwenye majalada. Atakuja kuisoma nani kesho?

"Unataka tuandikwe serikalini kwamba tumemtupa mama yetu?" akauliza.

Wifi akadakia. Alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa na kucha. Kwamba wao siku zote walidhani Mpishi anamtunza mama kwa mapenzi. Kwamba kama ilikuwa ni kazi ya kulipwa, angesema mapema wamwajiri mtu. Mapenzi ya kudai posho, akasema, hayo yeye kwao hakuyaona.

Jiwe lile la moto likageuka kifuani mwa Mpishi. Angeweza kumuuliza wifi mapenzi yake yeye yananukia nini, marashi au mkojo. Neno lilifika kwenye meno likasimama. Badala yake akauliza jambo jepesi.

"Zamu yako wewe ni siku gani, wifi?"

Wifi akamtazama kaka yake.

"Shemeji alimwambia afisa tunamhudumia kwa zamu. Mimi nilikuwa jikoni, nikasikia. Nimekaa miaka sita sijui kama kuna zamu. Nataka kujua tu yako ni lini, nisije nikakuingilia."

"Ile ilikuwa ni lugha," Mwenyekiti akasema. "Mbele ya mgeni mtu anasemaje?"

"Hata mimi nilisema nipo tu. Hata mama alisema hajambo. Wote tulisema lugha." Akairudisha karatasi mbele yake. "Sasa tuandike ukweli."

Mwenyekiti akaanza kueleza njia ya kati. Kwamba labda barua iandikwe familia yote inasaidiana, ila Mpishi anakuwepo zaidi. Kwamba labda posho yenyewe ipitie kwake yeye kama mkubwa, agawe panapostahili, ndipo isionekane kama… Hakumaliza. Kutoka chumbani, kupitia mlango ulioachwa wazi, ilikuja sauti ya polepole, kila neno likivutwa kama ndoo ya kisimani.

"Kijino."

Mwenyekiti aliganda. Hakuna aliyekuwa hai duniani anayemwita jina lile isipokuwa mtu mmoja. Lilikuwa jina la mtoto aliyechelewa kuota meno.

"Kijino. Saa nane."

Mpishi alitazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimebaki dakika mbili. Mwili wake wote ulikuwa umeshaanza kuinuka, miaka sita ikiuvuta kwa nyuma ya shingo, na alilazimika kukishika kiti kwa mikono miwili.

"Nimelalia kushoto tangu saa sita, Kijino. Njoo unigeuze."

Nepi zilitikisika kidogo kwenye kamba. Mwenyekiti akamgeukia Mpishi, na wifi naye akamgeukia, nyuso zote mbili zikiwa na ule utulivu wa watu wanaosubiri mlango ufunguliwe na mtumishi.

"Shemeji," Mwenyekiti akasema, "mama anaita."

"Anakuita wewe."

"Mimi ni mtoto wa kiume." Alisema kwa kunong'ona, jasho limemtoka juu ya mdomo. "Mwili wa mama yangu. Hiyo si adabu, na wewe unajua."

Mpishi alijua. Kwa hilo hakumlaumu hata kidogo. Akamtazama wifi. Wifi alikuwa ameweka kiganja kifuani, akasema wote wanajua yeye ana presha, hawezi kunyanyua.

"Vizuri," Mpishi akasema. Akachukua kalamu akaiweka kwenye mkono wa Mwenyekiti, akamkunjia vidole juu yake, kama mwalimu wa darasa la kwanza. "Andika hivyo hivyo. Mimi ni mtoto wa kiume, sijawahi kumgeuza mama. Dada yangu ana presha, hajawahi kumgeuza mama. Halafu weka sahihi. Afisa hataki zaidi ya hapo. Hakuna matusi ndani yake, hakuna uongo, hakuna aliyetupa mtu."

Kalamu ilikaa juu ya karatasi. Kwa muda Mpishi aliamini itaandika. Ilitengeneza nukta moja, wino ukaanza kutanuka, kisha Mwenyekiti akainua mkono.

"Siwezi," akasema. "Jina langu siwezi kuliweka chini ya maneno kama hayo. Nenda kamgeuze mama, shemeji, tafadhali, anaumia. Haya mengine tutayazungumza kikao kijacho."

"Kijino," ikasema sauti ya chumbani.

Mpishi akainuka. Waliposikia kiti kinasogea, wote wawili walishusha pumzi, na wifi akachukua simu yake kwenye pochi. Wakamwona anakwenda chumbani. Alisimama kando ya kitanda. Mama mkwe alikuwa ubavuni, uso umeelekea ukuta wenye mistari, na kwa mkono ule mmoja uliobaki hai aliushika mkono wa Mpishi, akaubana, akauachia. Kwenye ukingo wa dirisha kulikuwa na kipande cha chaki kilichobaki urefu wa kidole gumba. Mpishi alikichukua.

Akarudi sebuleni akakiweka juu ya karatasi, pembeni ya ile nukta ya wino.

"Sasa ni upande wa kulia," akasema. "Mtampitishia shuka chini, mmoja anavuta, mmoja anasukuma bega. Mkimaliza, chora mstari ulioegemea kulia. Saa kumi chali. Chakula chake kiko jikoni, kimesagwa."

"Kwani wewe unakwenda wapi?" wifi akauliza, na simu ikamshuka mkononi.

Mpishi alikuwa anavua aproni. Aliitundika kwenye mgongo wa kiti cha Mwenyekiti, nyuma kabisa ya koti lake. Akatafuta kandambili zake kwa miguu chini ya meza, moja baada ya nyingine. Kiuno kilimuuma alipoinama kupita chini ya kamba ya nepi, akakishika kwa mkono, akanyooka taratibu upande wa pili. Dirishani, ng'ambo ya ua, Fundi alionekana ameacha kushona, mguu umesimama juu ya kanyagio.

Chumbani sauti iliita tena jina la mtoto aliyechelewa kuota meno. Mwenyekiti alikuwa amesimama katikati ya sebule na kipande cha chaki mkononi, anakitazama kama mtu aliyepewa chenji ya nchi nyingine.

"Shemeji," akasema.

Mpishi akafungua mlango, akatoka.